Kuhama kutoka Windows 10 katika ofisi ndogo: kazi iliyo kabla ya kitufe

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10, mfumo endeshi uliokuwa sokoni tangu 29 Julai 2015. Siku iliyofuata kompyuta ziliwaka kama kawaida, printa zikachapa, barua pepe zikafika, na baadhi ya wateja wetu wakatuuliza, kwa haki kabisa, kelele zote zile zilikuwa za nini. Jibu letu ni kwamba mfumo usiosasishwa hauharibiki kwa siku moja. Unaendelea kufanya kazi huku matundu mapya yakigunduliwa ndani yake, na kila tundu likigunduliwa linabaki wazi kwa yeyote anayelijua. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga mafaili katika zaidi ya kompyuta 200,000 duniani kwa kupitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa sasisho la kuliziba Machi ya mwaka huohuo. Walioathirika, kwa sehemu kubwa, ni wale ambao sasisho hilo halikuwafikia au walikuwa wanaliahirisha.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya ofisi yenye kompyuta tatu, nane au ishirini, isiyo na fundi wa kudumu, ambamo mmoja kati ya wafanyakazi amejikuta ndiye anayeitwa kila printa inapokwama. Ikiwa mtu huyo ni wewe, andaa diski ya nje yenye nafasi ya kutosha, flashi ya gigabaiti 8 au zaidi, daftari la karatasi, na siku mbili kwa ajili ya kompyuta ya kwanza. Zinazofuata zitakwenda haraka zaidi. Tunakuomba usianze na kompyuta ya mhasibu wala ya mkurugenzi. Anza na ile ambayo ikilala siku nzima hakuna atakayeulizia.

Jambo moja tulitangulize. Kubonyeza kitufe cha kupanda kwenda Windows 11 na kusubiri ni sehemu ndogo kabisa ya kazi hii, na si pale mambo yanapoharibika. Karibu kila balaa tuliloitwa kulishughulikia lilitokana na kitu kilichorukwa kabla ya kitufe hicho, na ndiyo maana hatua za mwanzo hapa ni ndefu na hatua yenyewe ya kupanda ni fupi.

Hatua ya kwanza: andika kila mashine ni ya namna gani

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika winver, kisha bonyeza Enter. Kidirisha kitakachotokea kitakuonyesha toleo. Unatafuta 22H2, ambalo ni toleo la mwisho la Windows 10 ya kawaida; ukikuta toleo la nyuma ya hapo, sasisha kwanza hadi ufike hapo kabla ya kufikiria jambo lingine. Kisha rudia njia ileile lakini uandike msinfo32, na kutoka katika ukurasa utakaofunguka nakili katika daftari mambo matano: jina la kichakataji, kiasi cha kumbukumbu ya RAM, aina ya mfumo kama ni x64 au x86, hali ya BIOS, yaani programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya Windows, kama ni ya mtindo mpya wa UEFI au wa zamani wa Legacy, na hali ya Secure Boot, yaani kinga ya mashine inapoanza kuwaka.

Ukikuta x86, yaani mfumo wa biti 32, fahamu mapema kwamba Windows 11 ipo ya biti 64 pekee, na mashine hiyo haiwezi kupandishwa huku mafaili na programu zikibaki mahali pake. Itabidi ipigwe Windows upya, kama mafundi wasemavyo, na baadhi ya programu kongwe zilizokuwa zikifanya kazi humo hazitafanya kazi tena.

Katika ukurasa unaofuata wa daftari andika programu zinazotumika kweli kwenye mashine hiyo, si zilizopo tu. Keti na mwenye kompyuta akuonyeshe anachokifungua kuanzia asubuhi hadi jioni. Mtu akiulizwa kwa simu hutaja programu mbili. Akiwa ameketi mbele ya kioo huonyesha sita, mojawapo ikiwa ni kiprogramu cha mashine ya kusoma kadi ambacho hakuna anayekumbuka kilitoka wapi. Andika pia printa na skana pamoja na namba za modeli, kwa sababu kila kimoja kitahitaji draiva, yaani programu ndogo inayokiunganisha na mfumo, inayoikubali Windows 11, na tovuti ya mtengenezaji ndiyo mahali pa kuthibitisha hilo leo badala ya kesho kutwa. Ukikuta Office 2016 au Office 2019, ziandikie alama: nazo zilifikia mwisho wa huduma siku ileile ya 14 Oktoba 2025, na kupandisha Windows hakutazifanya ziwe salama.

Hatua ya pili: pima kama mashine inakubalika

Windows 11 inadai kichakataji cha biti 64 chenye viini viwili au zaidi kilichomo katika orodha ya Microsoft, RAM ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, BIOS ya aina ya UEFI yenye uwezo wa Secure Boot, na chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0. Kwa vichakataji vya Intel, orodha hiyo kwa kawaida huanzia kizazi cha nane. Kwa AMD, nyingi ya zinazokubalika huanzia Ryzen za mfululizo wa 2000. Njia nyepesi ya kujua ni kupakua programu ya bure ya Microsoft iitwayo PC Health Check, ambayo hukueleza moja kwa moja ni sharti lipi limetimia na lipi limekosekana.

Tungependa ulisome jibu la programu hiyo kwa makini badala ya kuishia kwenye alama nyekundu. Ikisema kichakataji hakikubaliki, hapo hakuna la kufanya, ruka hadi sehemu ya mwisho-mwisho ya mwongozo huu. Ikisema TPM haikuonekana, usikate tamaa, kwani katika kompyuta nyingi za miaka ya karibuni TPM imo ndani ya kichakataji chenyewe, ila imezimwa katika BIOS. Andika tpm.msc katika kile kidirisha cha kitufe cha Windows na R uone kama ipo na ni toleo gani. Na ikisema diski haina nafasi, hilo ni la kufagia tu.

Pembeni kidogo: gigabaiti 4 za RAM ni kiwango cha kuruhusiwa kuingia, si cha kufanya kazi. Mashine yenye RAM hiyo na diski ya kuzunguka itakubali Windows 11, halafu itamfanya mtumiaji akuchukie. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, badilisha diski ya kuzunguka kwa SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Ukiwa na ya viwili, ongeza RAM ifike gigabaiti 8 au zaidi. Ni kazi ya dakika chache kwa anayejua kufungua mashine, na tofauti yake huonekana hata kwa asiyeambiwa.

Kabla ya kuondoka katika hatua hii, ichunguze afya ya diski. Fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, na uandike:

Get-PhysicalDisk

Katika safu ya HealthStatus unataka kuona neno Healthy. Likiwepo neno lingine lolote, acha habari za kupanda, nakili mafaili saa hiyohiyo, na ubadilishe diski. Kupandisha mfumo huandika na kusoma gigabaiti nyingi kwa mfululizo, na diski iliyochoka mara nyingi huchagua saa hiyo kufa.

Hatua ya tatu: nakala rudufu, na jaribio la kuirejesha

Tumewahi kukabidhiwa flashi na mteja aliyekuwa na hakika kwamba amehifadhi kila kitu. Ndani mlikuwa na aikoni zaidi ya mia mbili, zenye majina sahihi kabisa ya mikataba, ankara na barua. Kila moja ilikuwa na mshale mdogo katika kona ya chini upande wa kushoto, na kila moja ilikuwa na uzito wa kilobaiti mbili. Alikuwa amenakili njia za mkato zilizokuwa kwenye uso wa kompyuta yake, na mafaili yenyewe yalikuwa katika diski ambayo tayari ilikuwa imefutwa. Tuliokoa sehemu ya mafaili hayo kwa programu ya urejeshaji, mengine hayakurudi. Tangu siku hiyo hatukubali neno "nimeshahifadhi" kutoka kwa mtu yeyote, tukiwemo sisi wenyewe, mpaka faili lifunguke kwenye mashine nyingine.

Anza kwa kujua data ilipo. Sehemu kubwa ya data ya ofisi imo katika folda ya mtumiaji, yaani C:\Users na jina lake, lakini si yote. Programu za uhasibu mara nyingi huweka hifadhidata yao katika C:\ProgramData, au hata ndani ya folda ya programu yenyewe, na njia salama ya kuihifadhi ni kutumia amri ya nakala rudufu iliyomo katika programu hiyo, si kunakili folda huku programu ikiwa wazi. Outlook ikitumia faili la pst, lifunge kwanza Outlook ndipo ulinakili, kwa sababu faili lililo wazi hukataa kunakiliwa. Alamisho na nywila zilizohifadhiwa katika kivinjari zinahitaji kuhamishiwa katika faili au kuunganishwa na akaunti. Usisahau fonti maalumu ikiwa ofisi inatengeneza matangazo au vyeti, wala folda zilizo moja kwa moja kwenye shina la diski C, ambazo watu huziunda kwa haraka siku moja na kuzisahau.

Kwa kunakili folda ya mtumiaji tunapendelea amri ya robocopy, iliyomo ndani ya Windows, kuliko kuburuta kwa kipanya. Kuburuta kukikutana na faili moja lililokwama husimama na kuuliza swali, nawe umekwenda kunywa maji. Robocopy huandika kasoro katika ripoti na kuendelea. Ingia kwa akaunti nyingine yenye mamlaka ya msimamizi, fungua Command Prompt, dirisha jingine la kuandikia amri, kama msimamizi, na kwa mtumiaji aitwaye ofisi na diski ya nje yenye herufi E, baada ya kuunda folda ya nakala ndani ya diski hiyo, andika:

robocopy "C:\Users\ofisi" "E:\nakala\ofisi" /E /XJ /R:1 /W:1 /LOG:E:\nakala\ripoti.txt

Kipengele /E kinachukua folda zote za ndani, hata zilizo tupu. Kipengele /XJ ni cha lazima: bila hicho amri itafuata viungo vya siri vilivyomo katika folda ya mtumiaji, na inaweza kuzunguka humo ikinakili kitu kilekile bila mwisho hadi diski ijae. Viwili vinavyofuata vinaizuia kujaribu faili moja lenye kasoro mara milioni moja, ambacho ndicho kiwango chake cha kawaida. Mtandaoni utakuta watu wakishauri kipengele /MIR. Usikitumie hapa, kwa kuwa kinafuta kwenye diski ya nje chochote kisichokuwepo katika chanzo, na siku utakapokosea kuandika chanzo utakuwa umefuta nakala yako kwa mkono wako.

Amri ikiisha, fungua ripoti.txt na ushuke hadi jedwali la mwisho. Tazama safu iitwayo FAILED. Ikiwa ni sifuri, vizuri. Ikiwa si sifuri, panda juu uone ni mafaili yapi. Mafaili ya muda katika AppData hayana uzito mkubwa, lakini hati moja ya Excel ikikosa, ifuatilie mpaka uipate.

Kisha lifanye jaribio ambalo wengi huliruka. Chomoa diski ya nje, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, na ufungue mafaili matatu: lililo kongwe zaidi, lililo kubwa zaidi, na lililohifadhiwa leo. Faili la programu ya uhasibu lirejeshe kweli katika programu hiyo kwenye mashine nyingine, uone salio la mwisho likilingana na la mashine ya awali. Mafaili yakifunguka yote, una nakala. Yasipofunguka, una diski iliyojaa kitu usichokijua.

Weka nakala ya pili mahali pengine, iwe ni katika hifadhi ya wingu au diski nyingine iliyo nje ya jengo. Desturi ya mafundi ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali. Kwa ofisi ndogo, faili la awali, diski ya nje na wingu vinatimiza desturi hiyo bila gharama kubwa. Tahadhari moja kuhusu wingu: huduma inayosawazisha folda, kama OneDrive, hufuta kule unapofuta huku. Inasaidia, lakini haichukui nafasi ya diski iliyochomolewa na kuwekwa kabatini.

Hatua ya nne: funguo na leseni

Hapa kosa tutakalolisimulia tulilifanya wenyewe. Jioni moja tulikwenda kusasisha BIOS ya kompyuta ya mkononi katika ofisi ya mteja, tukiiandaa kwa ajili ya Windows 11. Ilipowaka upya ilionyesha kioo cha buluu kikidai ufunguo wa BitLocker, kinga ya Windows inayosimba diski ili isisomeke bila ufunguo, namba 48 katika makundi manane ya tarakimu sita. Hakuna aliyewahi kuwasha BitLocker katika ofisi ile, au ndivyo kila mtu alivyoamini. Ukweli ni kwamba kompyuta nyingi za kisasa husimba diski zenyewe mara mtumiaji anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo huhifadhiwa katika akaunti hiyo. Akaunti ilikuwa ya mfanyakazi aliyeacha kazi. Asubuhi alipatikana, akaingia katika akaunti yake, akatusomea namba kwa simu, kundi baada ya kundi, huku mmoja wetu akirudia kwa sauti na mwingine akiandika. Alikuwa mtu muungwana; angekuwa ameondoka kwa ugomvi, hadithi ingekuwa nyingine.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa BIOS, fungua Command Prompt kama msimamizi na uulize:

manage-bde -status C:

Ukikuta diski imesimbwa, pata ufunguo wake kwa amri hii:

manage-bde -protectors -get C:

Chini ya maneno Numerical Password utaona kitambulisho na zile namba 48. Ziandike katika daftari pamoja na jina la mashine, kisha umwombe mtu wa pili azihakiki. Usihifadhi ufunguo huo ndani ya kompyuta hiyohiyo. Ni sawa na kufungia ufunguo wa sanduku ndani ya sanduku. Baada ya hapo, simamisha ulinzi kwa muda:

manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0

Sifuri ya mwisho ina maana kwamba ulinzi utabaki umesimama hata mashine ikiwaka upya mara kadhaa, mpaka utakapourudisha mwenyewe kwa amri ileile ukiweka -enable mahali pa -disable na kukiondoa kile kipengele cha mwisho. Iandike kazi hiyo ya kuurudisha katika daftari sasa hivi, kwa sababu utaisahau.

Kuhusu leseni, andika slmgr /xpr katika Command Prompt. Ujumbe ukisema Windows imeamilishwa kwa kudumu (permanently activated), leseni hiyo itahamia Windows 11 kwenye mashine hiyohiyo bila malipo. Programu nyingine zenye leseni, hasa za uhasibu na za usanifu, zikague moja moja, kwani baadhi hutaka ziondolewe usajili kabla ya mashine kubadilika.

Hatua ya tano: BIOS

Ikiwa TPM ilikosekana, washa kompyuta upya na uingie BIOS kwa kitufe cha mtengenezaji, ambacho mara nyingi ni F2, F10 au Delete. Kwenye mashine za Intel tafuta maneno PTT, kwenye za AMD fTPM, mara nyingi chini ya sehemu ya usalama au ya kichakataji. Washa, hifadhi, toka.

Ikiwa msinfo32 ilikuonyesha Legacy, usikimbilie kubadilisha kuwa UEFI, kwani mashine haitawaka. Diski yake imegawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR, na inapaswa kwanza kugeuzwa kuwa ya mtindo mpya wa GPT. Windows ina chombo cha kufanya hivyo bila kufuta data. Kwanza jaribu:

mbr2gpt /validate /allowFullOS

Likifaulu jaribio hilo, rudia amri ukiweka /convert mahali pa /validate, kisha ndipo uingie BIOS na kuchagua UEFI. Likishindikana, sababu ya kawaida ni kwamba diski ina vigawanyo vikuu vinne, nacho chombo hiki hukubali visivyozidi vitatu. Hapo mwite fundi. Si pa kujifunzia.

Hatua ya sita: kupanda

Hakikisha diski C ina nafasi tupu ya gigabaiti 30 hivi, chomoa vifaa vyote vya USB isipokuwa kibodi na kipanya, zima programu ya kuzuia virusi ya kampuni nyingine kama ipo, na uiunganishe mashine na umeme wa uhakika au UPS. Kisha fungua Windows Update. Ikiwa Windows 11 inakungoja hapo, ikubali. Ikiwa haipo na mashine ilipita vipimo, pakua kutoka tovuti ya Microsoft msaidizi wa usakinishaji, au tengeneza flashi kwa Media Creation Tool. Flashi ina faida kwa ofisi yenye mashine nyingi: gigabaiti zile hupakuliwa mara moja badala ya mara nane, na bando linapona. Iendeshe flashi ukiwa ndani ya Windows kwa kufungua setup, si kwa kuwasha mashine kutoka kwenye flashi, la sivyo utajikuta katika usakinishaji mpya usio na mafaili. Ukiulizwa cha kubakiza, chagua mafaili na programu zote.

Usakinishaji ukikataa kwa kosa 0xC1900208, kuna programu isiyopatana na Windows 11, mara nyingi programu ya kuzuia virusi au draiva kongwe. Iondoe, kisha rudia.

Hatua ya saba: siku kumi za mwanzo

Kwa kawaida una siku 10 za kurudi Windows 10 bila kupoteza mafaili yako, kwa kuwa mfumo wa zamani unawekwa katika folda ya Windows.old. Siku kumi hupita upesi katika ofisi inayofunga hesabu mwisho wa mwezi, kwa hiyo tunapendekeza uziongeze mara tu baada ya kupanda:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:30

Kiwango cha juu ni siku 60. Usiendeshe programu za kusafisha diski katika kipindi hicho, kwani mojawapo ya vitu vya kwanza zinavyovifuta ni folda hiyo.

Rudisha ulinzi wa BitLocker. Chapa ukurasa mmoja kutoka kila printa na uskani mmoja kutoka kila skana. Fungua programu zote zilizo katika daftari, mwenye kompyuta akiwa ameketi pale, na umwache afanye kazi yake ya kweli kwa nusu saa kabla hujaondoka. Malalamiko ya kwanza yatakuwa kwamba kitufe cha Start kimehamia katikati; kinarudishwa kushoto katika mipangilio ya taskbar, na ukikirudisha mapema utapata ushirikiano katika mambo mengine yote.

Mashine zisizokubalika

Kuna njia za kuilazimisha Windows 11 iingie katika mashine isiyotimiza masharti, na zinafanya kazi. Hatuzitumii kwenye kompyuta za wateja. Microsoft imesema mashine hizo hazina haki ya masasisho, na mtu anayehama ili apate masasisho hawezi kuridhika na mfumo ambao unaweza kuyakosa wakati wowote.

Njia ya kwanza iliyo halali ni kununua muda. Kwa kompyuta binafsi zenye toleo la 22H2, Microsoft iliweka mpango wa masasisho ya ziada ya usalama unaofikia 13 Oktoba 2026. Unajisajili ndani ya Windows Update kwa akaunti ya Microsoft, ama kwa kuwasha hifadhi ya mipangilio, ama kwa pointi 1,000 za Microsoft Rewards, ama kwa ada ya mara moja, na usajili mmoja unahudumia hadi mashine 10. Kompyuta zilizounganishwa na seva ya kikoa (domain), inayosimamia kompyuta za kampuni kutoka mahali pamoja, haziingii katika mpango huo. Za kampuni zina mpango wake, wa hadi miaka mitatu, ambao ada yake kwa kila mashine huongezeka maradufu kila mwaka. Jambo lingine la kuzingatia ni kwamba vyeti vya Secure Boot vilivyotolewa 2011 vinaanza kufikia ukomo Juni 2026, na mashine isiyopokea masasisho haitapokea vyeti vipya. Itaendelea kuwaka, lakini sehemu yake ya kuanzia haitalindwa tena kama inavyopaswa.

Njia ya pili ni kubadilisha mfumo. Mashine ya mapokezi inayotumia kivinjari na barua pepe tu inaweza kuishi miaka mingi zaidi kwa Linux Mint, mfumo endeshi mwingine usio wa Microsoft. Iwashe kwanza kutoka kwenye flashi bila kusakinisha, mwenye nayo aijaribu kwa siku nzima, na printa ijaribiwe. Mashine yenye programu ya uhasibu ya Windows usiipeleke huko.

Njia ya tatu ni kuistaafisha. Mashine inayokwenda kuuzwa au kugawiwa usiifute kwa kuburuta mafaili hadi kwenye pipa la taka. Tumia sehemu ya kurudisha kompyuta katika hali ya mwanzo, chagua kuondoa kila kitu, na katika mipangilio ya ziada uwashe usafishaji wa diski, ambao huchukua saa kadhaa kwa diski ya kuzunguka. Diski isiyowaka tena itoe na uiharibu kwa kutoboa. Mwisho ingia katika akaunti ya Microsoft ya ofisi, fungua orodha ya vifaa, na uiondoe mashine hiyo kwa jina, ukilinganisha na daftari ili usiondoe iliyo mezani kwa mwenzako.